Uvuvi wa Mto Tana: Ndoana, Wavu au Mgono?

Siku niliyosimama mbele ya mkutano wa Chama chetu cha Kiswahili nikasema kwamba makala yangu ya mwaka huu itahusu uvuvi, chumba kizima kiliangua kicheko. "Mtu wa Buna na samaki, wapi na wapi?" akasema mmoja kutoka nyuma. Mwingine akaniuliza kama nitavua mchanga. Sikuwalaumu. Hapa kwetu maji ni ya kisima cha mashine na ya silanga, na silanga yenyewe ikikauka huwa uwanja wa kandanda. Mtoto wa Buna anaweza kukutajia umri wa ngamia kwa kumtazama meno, lakini mwonyeshe kambare na perege, atakwambia wote ni samaki tu, basi.

Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo hadi likizo ya Agosti mwaka wa 2024. Nilipanda lori kutoka Buna hadi Wajir, na kutoka Wajir nikashika basi hadi Garissa, zaidi ya kilomita 300 za vumbi, kwenda kumtembelea mjomba wangu. Sisi tunaitana abti. Yeye ananiita abti nami namwita abti, kama ilivyo desturi. Mjomba huyu alikuwa mfugaji. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulipitisha misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, na ulipofika mwisho wa 2022 mbuzi wake walikuwa wamekwisha, ng'ombe hana hata mmoja, na ngamia amebaki mmoja peke yake. Akamwuza huyo ngamia, akahamia Garissa, akakodi chumba karibu na mto. Baadaye nusu ya pesa za ngamia akanunulia wavu.

Wavu huo ndio chanzo cha makala hii.

Alikwenda dukani akaomba "wavu wa samaki", naye muuzaji akampa wavu wa samaki. Hakuulizwa ni samaki gani, wala yeye hakujua kwamba kuna swali kama hilo. Akautega mwezi wa Aprili 2024, wakati mto umefura hadi kwenye mashamba. Usiku wa kwanza wavu ulijaa matawi, magunia na vigogo vya migomba. Akaukung'uta, akautega tena. Usiku wa pili ukapita mti mzima na mizizi yake, na asubuhi kilichobaki ni kile kipande cha kamba kilichofungwa kwenye shina ukingoni. "Abti," aliniambia, "hata fisi hali nusu ya ngamia kwa siku mbili."

Aliyemfundisha kazi baada ya hapo ni jirani yake, mzee mmoja Mmalakote. Msomaji wa Buna afahamu kwamba kando ya Tana kuna watu ambao uvuvi na kilimo cha mtoni ni kazi yao tangu enzi za mababu: Wapokomo huko chini, na Wamalakote na Wamunyoyaya sehemu za karibu na Garissa. Sisi wafugaji tulikuwa tukiwapita na mifugo yetu, tunakunywesha maji, tunakwenda zetu, na samaki wao tunawatazama kwa jicho la pembeni. Nyanya yangu hadi leo huwaita nyoka wenye mapezi. Ati hawezi kula kitu kisichochinjwa! Nikamweleza kwamba samaki ni halali bila kisu, maalimu wetu alitufundisha, naye akanijibu kwamba halali si lazima. Hapo sikuwa na la kusema.

Sasa tuingie katika mambo yenyewe. Nilidhani mzee ataanza na ndoana. Siku ya kwanza hakutuonyesha ndoana wala wavu. Alituchukua ukingoni akatuuliza, "Mtasimama wapi?" Mjomba akaonyesha mahali pazuri, penye mchanga laini unaoteremka polepole hadi majini. Mzee akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mahali kama hapo, alisema, ndipo mamba anapopapenda pia, kwa sababu yeye huota jua kwenye mchanga na huvizia mahali watu na mifugo wanapoteremka kunywa. Mamba wa Tana hula watu, na si hadithi ya kutishia watoto. Kwa hiyo, kabla hujauliza ni njia gani itakupa samaki wengi, uliza njia hiyo inakutaka uwe wapi. Ukivuta juya au ukirusha kimia, sharti uingie majini mpaka magotini au kiunoni. Wavu wa kutega unahitaji mtumbwi, na mtumbwi mdogo kiboko huupindua. Mshipi wa ndoana unaweza kuurusha ukiwa juu ya ukingo mrefu, hatua kadhaa kutoka kwenye maji, miguu mikavu. Mtu asiye na mtumbwi na asiyeujua mto aanze na mshipi. Mzee alilisema hilo mara tatu, na mara ya tatu alikuwa akinitazama mimi.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Mto Tana una urefu wa karibu kilomita 1,000, na maji yake hutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Ndiyo maana Garissa unaweza kukaa chini ya jua kali, hakuna hata wingu la ukubwa wa kofia, na mto unapanda mbele ya macho yako. Mvua imenyesha mbali sana. Juu huko kuna mabwawa ya umeme, Masinga lililokamilika mwaka wa 1981, Kiambere la mwaka wa 1988 na mengine, na mabwawa hayo hupunguza nguvu ya mafuriko. Lakini yakijaa na kumwagika, kama ilivyotokea mwaka wa 2024, maji yote huja huku chini. Mvuvi anayetega kwa kuangalia mawingu ya Garissa anajidanganya. Mzee alikuwa na kijiti amekichomeka ukingoni, chenye alama za kisu. Kila alfajiri na kila jioni anakitazama. Maji yakipanda na kuwa mekundu kama chai ya maziwa, nyavu zinabaki nyumbani. Yakishuka na kuwa meupe kidogo, ndipo wavu unapotoka. Kijiti hicho hakikumgharimu hata senti moja, na kama mjomba angekuwa nacho mwezi wa Aprili, leo angekuwa na wavu wake.

Nije sasa kwa samaki, kwa maana ndiye mwenye neno la mwisho.

Perege, ambaye wengine humwita ngege au tilapia, ni samaki wa mchana. Ana mwili bapa, magamba magumu na mdomo mdogo. Chakula chake kikubwa ni ukungu wa kijani unaoota majini, majani laini na vijidudu vidogo. Hebu fikiri, msomaji: samaki anayekula ukungu ukimwekea ndoana kubwa yenye pande la nyama, ataifanyia nini? Ataipita kama ngamia apitavyo duka la vitabu. Perege anataka ndoana ndogo, mshipi mwembamba, kiboya chepesi cha ubua au kizibo, na chambo kidogo: mnyoo wa udongoni, au donge la ugali lililokandwa vizuri lisimumunyuke haraka. Halafu mvuvi atulie. Perege haumi kwa pupa. Huonja, hutema, huonja tena. Kiboya kikitetemeka usivute. Kikizama au kikienda upande, hapo inua mkono kwa upole.

Nikiwa na ujuzi wa siku tatu tu nilitaka kumfundisha mzee. Nilikuwa nimesoma kitabu kikuukuu cha uvuvi wa Marekani, chenye sura ndefu kuhusu samaki wa huko aitwaye crappie. Kwa kumtazama pichani utadhani ni binamu wa perege: bapa, mdogo wa kutosha sahani moja, mtamu, na wavuvi wa Marekani wanampenda mno. Mdomo wake ni mwororo kama karatasi, ukivuta kwa nguvu unachanika naye anakwenda zake. (Jamaa yake wa karibu tunaye Kenya hii hii: yule samaki mlafi wa Ziwa Naivasha, black bass, aliyeletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929.) Kitabu kilisema chambo bora cha crappie ni kisamaki kidogo kilicho hai. Basi nikashika visamaki katika dimbwi kwa kikopo, nikatia kimoja kwenye ndoana, nikakaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Perege walikuwa wakionekana pale pale majini, wallahi, wanacheza na kile kisamaki changu kama jirani. Mzee alinitazama tu. Mwishowe akasema, "Mjukuu wangu, huyo uliyesoma habari zake anawinda. Huyu wetu analisha." Crappie hula samaki wadogo, kwa hiyo kisamaki ni chambo. Perege analisha kama mbuzi. Kitabu hakikusema uongo hata kidogo. Mimi ndiye niliyekipeleka kwa samaki mwingine.

Pana jambo moja la perege ambalo sikulijua na ambalo lilinishangaza kuliko yote. Perege wa Tana huatamia mdomoni. Dume huchimba kishimo kama sahani mahali penye maji machache, jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai yake kinywani na kuyatunza hadi yaanguliwe. Na hata vitoto vikiona hatari hukimbilia kinywani mwa mama. Wakati huo wote jike hali, au anakula kidogo sana. Sasa angalia matokeo yake. Ndoana haimpati mama mwenye mayai, kwa sababu hana haja na chambo. Wavu hauulizi. Na mtu anayekokota chandarua cha mbu kwenye maji machache ya ukingoni, kama nilivyowaona vijana wawili wakifanya jioni moja, anabeba mama, mayai, vitoto na vishimo vyenyewe. Walipata sufuria moja ya vidagaa visivyozidi kidole. Nilimwuliza mmoja wao mbona wanafanya hivyo, akaniambia nyumbani hawajala tangu jana. Nilikaa kimya, kwa sababu mimi nilikuwa nimekula.

Kambare ni hadithi nyingine kabisa. Hana magamba, ngozi yake inateleza, kichwa kipana na bapa, na ana ndevu nne kila upande wa mdomo. Ndevu hizo ndizo macho yake. Hutembea chini kabisa, usiku, katika maji machafu, akipapasa na kunusa. Perege ukimtafuta katika maji mekundu ya mafuriko humpati, lakini kambare ndio wakati wake, maana hategemei macho na hajali tope. Kwa huyu unahitaji ndoana kubwa, mshipi mnene, chubwi la kuzamisha mpaka chini, na chambo kinachonuka: utumbo wa mbuzi au wa kuku uliolala siku moja, maini, hata kipande cha sabuni ya kufulia. Ndiyo, sabuni! Mimi sikuamini hadi nilipoona.

Njia aliyoipenda mzee kwa kambare ni mshipi mrefu wenye ndoana nyingi. Kamba nene hufungwa kwenye mti ukingoni, kisha kutoka kwenye kamba hiyo huning'inizwa nyuzi fupi, kila moja na ndoana yake, na mwishoni jiwe. Unautega jioni jua likiwa bado lipo, unauacha, unaondoka ukingoni kabla ya giza. Alfajiri kukipambazuka unauvuta ukiwa umesimama juu. Mvuvi halali mtoni, na mamba hapati nafasi. Tena kambare ana pumzi ya ajabu: anaweza kuvuta hewa kama sisi, kwa hiyo asubuhi unamkuta hai, na ukimweka katika gunia lililoloweshwa maji atafika sokoni akiwa hai. Katika joto la Garissa, bila barafu, hilo si jambo dogo. Perege aliyenaswa wavuni saa nne usiku na kufa humo, ukichelewa kumtoa hadi jua lichomoze, mnunuzi atamfungua mashavu, atazame, amrudishe.

Sasa wavu, maana sitaki mdhani kwamba mzee aliuchukia. Wavu wa kutega hufanya kazi kwa hila rahisi. Samaki haoni, anapitisha kichwa kwenye tundu, mwili unakataa kupita, akirudi nyuma uzi unaingia kwenye mashavu na kumshika. Hivyo basi tundu la wavu ndilo linalochagua samaki. Tundu dogo hushika watoto, na wakubwa hugonga pua wakarudi. Tundu kubwa huacha watoto wapite wakakue, hushika wazima. Mjomba alipokuwa dukani hakupima tundu. Alipima urefu wa wavu, kama mtu anayenunua kitambaa. Ule wake tundu lake lilikuwa la vidole viwili, mzee alisema, na hata kama mto usingeuchukua, ungemletea mifupa mitupu. Wavu wa tundu pana, ukitegwa usiku katika maji yaliyotulia yaliyoshuka, kwenye kona ya mto pasipo mkondo mkali, huleta perege wengi kuliko ndoana kumi. Mchana, maji yakiwa meupe, perege anauona na kuuzunguka. Na jambo moja zaidi: mamba husikia samaki wakipapatika wavuni, huja kuwachukua pamoja na kipande cha wavu. Kwa hiyo anayetega wavu awe na mtumbwi, awe na mwenzake, na awe na pesa za kununua uzi wa kushonea.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo niliyoipenda mimi. Mgono ni tego la vijiti au fito lililosukwa kama kapu refu. Mdomoni mwake kuna kapu jingine dogo lililochongoka kuelekea ndani, kama faneli. Samaki huingia kwa urahisi akifuata harufu, na akitaka kutoka hukutana na ncha za vijiti zinazomwelekea. Mzee alituuliza mdomo wa mgono uelekee wapi, mjomba akasema juu, samaki waletwe na maji. Mzee akasema fikiri tena. Harufu ya chambo huchukuliwa na mkondo kwenda chini. Kambare aliye chini akiinusa hupanda akiifuata. Basi mdomo uelekee chini, ampokee anapokuja! Lakini maji ya mafuriko yanapotoka mashambani kurudi mtoni, samaki walioingia huko kuzaana hurudi nayo, na hapo mgono hugeuzwa, mdomo uelekee shambani. Mgono ule ule, na juma moja unautazamisha mashariki, juma jingine magharibi.

Mafuriko hayo pia huacha madimbwi. Mwezi ule wa Agosti yalikuwa bado yapo nyuma ya mashamba, yanapungua kila siku, na kambare wamejaa humo kama maharagwe chunguni. Humo hapahitajiki ufundi mwingi, kapu lisilo na kitako linatosha: unalikita chini, unaingiza mkono kwa juu. Nilipoingiza wangu nilikutana na ngogo badala ya kambare. Ngogo ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akishikwa huisimamisha na kuifunga kama komeo. Nina alama hadi leo, atakaye kuona aje bweni la pili. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, sikumwona. Mzee alisema huja kwa ndoana ya kambare, bila kualikwa. Kamongo naye, wa bonde la chini la Tana, maji yakikauka hujifukia katika tope na kungoja mvua. Njia ya kumvua huyo ni jembe.

Katika madimbwi hayo ndipo wengine hutumia utupa, ule mmea unaopondwa na kutiwa majini ili samaki wapoteze fahamu na kuelea. Wengine siku hizi hutia dawa za shambani. Sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka wa 2016 inakataza sumu na baruti, lakini sitataja sheria zaidi ya hapo, kwa sababu dimbwi lina sheria yake. Mbuzi wanakunywa pale pale. Akina mama wanachota pale pale.

Siku ya kuondoka nilimwuliza mjomba kama atanunua wavu mwingine. Alikuwa amekaa mlangoni akifunga ndoana kwenye mshipi mrefu, arobaini na mbili, na pembeni yake kulikuwa na migono miwili aliyoisuka mwenyewe, mmoja umepinda vibaya. Akasema wavu ataununua, ila si mwaka huu, na safari hii atakwenda dukani na mzee. Asubuhi hiyo alikuwa amepata kambare saba. Wanne waliuzwa kabla ya saa tatu, wawili alimpelekea mzee, na mmoja tulimla kwa ugali. Nilimwuliza sababu ya kumpa mzee wawili na sisi mmoja. "Abti," akasema, "yule mmoja ni wa kijiti."

Amenipa ndoana tatu ndogo za perege. Ziko sandukuni mwangu hapa shuleni, nimezifunga kwenye kitambaa zisinichome. Silanga yetu kwa sasa ina vyura tu. Nimekwisha kujaribu.